Wito wa Mwenzake

Siku Andrea alipotangaza kwamba anataka kuwa padre, Ambwene alikuwa juu ya ngazi anafuta utando wa buibui kwenye dirisha la kigango, na nusura aanguke.

Si kwamba habari ilikuwa mbaya. Kisondela ni nchi ya Wamoraviani na Walutheri. Wakatoliki unaweza kuwataja wote kwa majina na usichoke. Kwa hiyo kijana wao mmoja kuitwa na Mungu ilikuwa sherehe. Akina mama waliokuwa wakifagia walipiga vigelegele humo humo kanisani, mifagio mikononi. Andrea mwenyewe alisimama mlangoni, shati halijachomekewa, anacheka huku anajikuna shingo. Ambwene akashuka ngazi taratibu, akampa mkono, akamwambia hongera sana. Na hapo hapo, kabla mikono haijaachana, naye akaanza kuitwa.

Alihisi moto kifuani. Katika vitabu vya watakatifu alivyokuwa akiazima parokiani, walioitwa wengi walihisi moto kifuani. Akaona mambo yamelingana.

Inafaa mjue kwamba vijana hawa wawili walizaliwa wiki moja, katika nyumba mbili zilizotenganishwa na kijito na migomba. Wamekua pamoja, wamesoma pamoja mpaka kidato cha nne, wamerudi nyumbani pamoja. Na tangu wakiwa wadogo Ambwene alikuwa na tabia moja ambayo mama yake aliifahamu na hakumwambia mtu. Walipokuwa darasa la tatu Andrea alianguka kwenye mti wa mpera akavunjika mkono, wakamfunga bandeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Ambwene aliionea wivu ile bandeji. Alikaa siku mbili bila kula vizuri, siku ya tatu akapanda mpera ule ule, akaruka. Hakuvunjika kitu. Alilia kuliko aliyevunjika.

Basi wiki tatu baada ya vigelegele vile, Ambwene alinyoosha shati kwa pasi ya mkaa, akatembea mpaka Tukuyu, akabisha hodi kwa Padre Ambilikile, paroko. Padre alikuwa uani, mikono imejaa grisi, anahangaika na Landrova ya parokia.

"Wewe pia?" akauliza Padre, kichwa kikiwa bado chini ya boneti.

"Mimi pia, Padre."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Nilikuwa nasita tu."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa wito wake, na ulimtoka kirahisi. Padre aliinua kichwa, akamwangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akajifuta mikono kwa tambara.

"Sikiliza, mwanangu. Jimbo limetupa nafasi moja mwaka huu kwenye nyumba ya malezi ya mapadre. Moja. Nanyi wote mna miaka ishirini na miwili. Mwakani mtakuwa mmevuka umri wanaoutaka. Nitawatazama mpaka mwezi wa saba. Halafu jumuiya yenu itakaa, itasema ni nani. Mimi nitaandika barua kwa yule watakayemsema."

Ambwene aliporudi nyumbani alikuwa anajua jambo moja tu: nafasi ni moja, na Andrea asiipate.

Mwaka ule wa tisini na tatu kila kijana alikuwa akiitwa na kitu. Walioitwa na biashara ndio walikuwa wengi. Tangu serikali ilegeze kamba, watu walikuwa wanavuka Kasumulu kwenda Malawi na mikoba mitupu wanarudi na mizigo, na pale Tukuyu, kata ya Bagamoyo, kila dirisha lililotazama barabara lilikuwa limegeuzwa duka. Sabuni zilizokuwa zikipangiwa foleni sasa zilimwagwa kwenye meza. Vijana walivaa jaketi za mitumba, wakaongea kwa sauti. Ndiyo maana wawili kumchagua Mungu katika msimu ule lilikuwa jambo la kusimuliwa mpaka Igogwe, na watu wakawa wanawatazama kama timu mbili zinazosubiri fainali.

Padre aliwapa kazi sawa: kutembelea wagonjwa, kufundisha watoto katekisimu, kuongoza ibada ya Jumapili kigangoni kwa zamu padre asipofika. Ambwene alifanya kila kitu inavyotakiwa. Alifika kabla ya wote, akapiga kengele kwa saa. Alijua Litania ya Watakatifu bila kitabu. Mahubiri aliyaandika kurasa sita, akayasoma bila kukosea hata mkato mmoja, na watu walimsikiliza kwa adabu, wengine wamefumba macho.

Andrea alikuja amechelewa, miguu ina tope. Jumapili ya Matawi alisimama pale mbele hana hata karatasi. Akaanza kusimulia habari ya ng'ombe wa bibi yake aliyepotea kwenye ukungu, jinsi walivyomtafuta siku nzima, na jinsi bibi alivyokuwa akimwita yule ng'ombe kwa jina, anamwita, anamwita, mpaka sauti ikakauka. Basi. Hakutaja hata mtakatifu mmoja. Wanawake walilia, na mzee mmoja ambaye hakuwahi kulia hata kwenye msiba wa mkewe alivua kofia akaishika usoni.

Ambwene alitoka akaenda nyuma ya kanisa, akaipiga teke ndoo ya maji.

Nyumbani mama yake alimmiminia maziwa mgando, huku bado anajifuta macho. "Yule mtoto Mungu amemgusa," akasema.

"Na mimi, mama?"

"Na wewe ulisoma vizuri Jumapili iliyopita, baba."

Ulisoma vizuri! Akayasukuma maziwa kando. Mama mzazi, wa kumzaa kwa uchungu, anamsifia mtoto wa ng'ambo ya kijito, halafu kwake yeye anasema ulisoma vizuri, kama mwalimu anayemrudishia mtoto daftari.

Tangu siku hiyo Ambwene akawa na desturi. Kila jioni baada ya rozari, wengine wakishafunga na tendo la tano, yeye aliongeza la sita, ambalo halikuwa la furaha wala la uchungu wala la utukufu. Alilisema kwa kunong'ona, mdomo ukicheza. "Bwana, unamwona Andrea. Unaona anavyochelewa. Unaona hajui hata Litania. Unaona watu walivyopofuka." Hakuomba mwenzake afe, hilo Mungu ni shahidi. Aliomba ateleze. Aliomba apatwe na kitu kidogo tu, cha kumweka kando mpaka mwezi wa saba upite.

Mwezi wa saba ukafika na baridi yake. Jumatatu ya wiki ile ambayo jumuiya ingekaa, Andrea alirudi kutoka kukata majani ya ng'ombe anatetemeka. Walimlaza karibu na moto, wakamfunika mablanketi matatu, na blanketi la juu kabisa likawa linatikisika. Jumanne Padre alikuja na Landrova akampeleka hospitali Igogwe. Jumatano mama wa Andrea, Tulinagwe, akatuma salamu kwamba damu imepimwa na malaria haikuonekana, vipimo vingine vinangojwa, na mtoto bado anatetemeka.

Ambwene alipopata habari ile alifurahi. Afadhali lisemwe lilivyo. Alifurahi kwa muda wa kama dakika tatu, akasimama pale kwenye migomba anatabasamu peke yake. Kisha akakumbuka tendo lake la sita, na tabasamu likakatika.

Wazee wa Kinyakyusa wana ugonjwa wao wanaouita imbepo, yaani baridi. Wanasema mtu akinung'unikiwa na watu wake wa karibu, wakawa na neno juu yake na wasilitoe, lile neno linamfuata kama upepo, linamwingia, anatetemeka. Dawa yake ni moja. Mwenye neno alitoe kinywani, aseme wazi mbele ya watu, achukue maji mdomoni ayateme chini. Katekista alikuwa amewafundisha kwamba hayo ni mambo ya gizani. Ambwene mwenyewe aliwafundisha watoto hivyo hivyo, na akawapa mtihani. Lakini kufundisha ni kitu kimoja, na kukaa na bibi aliyekulea akikusimulia nani alitetemeka na nani alinung'unika ni kitu kingine. Kile kilichofundishwa kwa chaki kilifutika. Kile cha bibi kikabaki.

Alhamisi jumuiya ilikaa nyumbani kwa mwenyekiti wao, Mama Sekela. Walikuwa wamesali na kuimba, wamefika mahali pa kusema ni nani, ndipo mlango ukasukumwa akaingia Bibi Tupokigwe, bibi yake Andrea, Mmoraviani wa kuzaliwa, fimbo mkono mmoja na kikombe cha bati mkono wa pili. Alikuwa ametoka Igogwe asubuhi ile, na vumbi la barabara bado liko kwenye kanga.

"Mimi sikuja kusali kwenu, nina kanisa langu," akasema. "Nimekuja kuulisa. Mjukuu wangu anatetemeka. Dakitali amepima, hakuna malelia. Hii ni imbepo. Kuna mtu hapa ana neno na mtoto wangu, amelimesa. Aseme. Sitamgombesa. Aseme tu, mtoto apone."

Katekista Anyelwisye alikohoa. "Bibi, hapa tumebatizwa."

"Na mimi nimebatiswa kabla mama yako hajaolewa. Aseme."

Halafu Obed, mjomba wa Andrea, akasimama huku anatazama miguu yake. Alisema yeye alikasirika Andrea alipomrudishia panga lake mpini umevunjika na asiseme pole. Akachukua kikombe, akapiga funda, akatoka mlangoni akatema. Jenifer wa kwaya akasema alimchukia kwa wiki nzima, kwa sababu alimwahidi kumfundisha kinanda na hakumfundisha. Akatema. Mama Sekela akasema yeye hana neno, isipokuwa labda ule mkungu wa ndizi wa Pasaka, lakini hilo alishasamehe. Akatema vilevile. Mwisho hata katekista alivuta koti lake vizuri, akasema kwa kuwa tumefika hapo, naye kuna siku kijana yule alimkatiza akiwa katikati ya Amri ya Sita, mbele ya vijana. Naye akaenda mlangoni.

Kikombe kikamfikia Ambwene.

Watu hawakumtazama kwa namna ya pekee. Walikuwa wanangoja kama walivyowangoja wengine. Lakini yeye aliona yote kwa mara moja: akisema, nani atainua mkono kumchagua? Nani atampeleka kwa askofu kijana aliyemwombea mwenzake mabaya mbele ya sanamu ya Mama Maria? Nafasi ni moja, na ilikuwa inamjia yenyewe, bila kuitiwa. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

"Mimi sina neno," akasema. Akapiga funda ili asionekane amedharau, akaenda mlangoni na wenzake. Lakini maji yale hakuyatema. Aliyameza.

Bibi alipoondoka, Mama Sekela alirudi kwenye shughuli. Karatasi zilitakiwa kwa Padre kesho yake, mgonjwa ni mgonjwa, haiwezekani kumngoja. Basi, Ambwene? Mikono ikapanda yote. Ilipanda bila haraka, mikono ya watu waliopewa chai isiyo na sukari na hawana namna. Barua ikaandikwa, ikatiwa sahihi, akapewa mwenyewe aipeleke.

Alitamani mikono ile kwa karibu miezi sita, na sasa alipoipata hakuweza hata kuihesabu.

Ijumaa asubuhi alifika parokiani Tukuyu, barua kwenye mfuko wa shati. Mtawa aliyekuwa akianika nguo akamwambia Padre hayupo. "Ameitwa Igogwe, kumpa mgonjwa Mpako. Yule kijana wenu."

Ambwene alisimama pale akiwa ameshika mfuko wake. Mpako wa Wagonjwa, mafuta ya walio katika hatari ya kufa! Mtawa alimwambia aiache barua tu, ataipokea yeye. Ambwene alirudi barabarani anakimbia, akasimamisha lori la majani mabichi ya chai, akapanda juu ya majani, na njia nzima maji aliyoyameza jana aliyahisi tumboni, baridi, hayajaenda popote.

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda vingi na harufu ya dawa ya kufanyia usafi. Andrea alikuwa kitanda cha dirishani, midomo imepasuka, amebaki macho. Kitanda cha jirani alilala mfanyabiashara wa Bagamoyo ile ya Tukuyu aitwaye Hasheem, mguu umefungwa plasta, redio ndogo kifuani ameizima kwa heshima. Padre alikuwa ndiyo kwanza anafunga kichupa cha mafuta. Bibi Tupokigwe, aliyekuwa amekwisha kurudi hospitali, alikaa kwenye kigoda, na Mama Andrea alisimama amejishika kiuno.

"Bibi, ni mimi," akasema Ambwene.

"Wewe nini, gwe?"

"Mimi ndiye ninayemnung'unikia."

Padre akaacha kufunga kichupa. Ambwene alikuwa amepanga kusema maneno machache, ya heshima, lakini alipofungua mdomo vikatoka vyote.

"Nimemnung'unikia tangu mwezi wa kwanza. Akiimba nanung'unika, akinyamaza nanung'unika. Alipowaliza watu kwa habari ya ng'ombe wako, nilikwenda nyuma ya kanisa nikapiga ndoo teke. Nimesali ateleze. Kila siku, baada ya rozari, kwa magoti. Niliposikia anaumwa nilifurahi, Bibi. Nilicheka. Jana uliuliza nikasema sina neno, na yale maji niliyameza, kwa sababu nilitaka wanichague mimi. Wamenichagua. Karatasi hii hapa."

Akaitoa mfukoni, imelowa jasho na majani ya chai, akaiweka juu ya blanketi.

Mama Andrea alimwangalia kwa macho ambayo Ambwene hakuwahi kuyaona kwa mama yule aliyemlisha tangu utoto. Lakini Bibi aliinuka, akamimina maji kwenye kikombe kile kile cha bati, akampa. "Tema," akasema. Ambwene akatoa kichwa dirishani, akatema kwenye maua ya hospitali. Alipogeuka mashavu yalikuwa yamelowa, na si kwa maji ya kikombe.

Andrea alisogeza midomo. Wote wakainama wasikie.

"Kumbe ulikuwa unaitaka hivyo?"

"Ndiyo."

"Si ungesema tu, bwana." Akapumzika kidogo. "Ningekuachia."

Akafumba macho.

Angemtukana ingekuwa nafuu. Angemlaani, angelia, angesema Mungu amekuona, Ambwene angejua pa kusimama. Ningekuachia! Kitu alichokilia usiku na mchana, akakiuzia urafiki na roho yake, mwenzake angemwachia kama mtu anavyomwachia mwingine kiti. Alitembea kutoka Igogwe mpaka Tukuyu kwa miguu, na njia nzima hakuwa na toba wala amani. Alikuwa na hasira.

Jumapili vipimo vilionyesha homa ya matumbo. Jumanne Andrea alitoka jasho, akaomba uji. Muuguzi alisema ni vidonge alivyokuwa ameanzishiwa mapema. Bibi Tupokigwe alisema ni maji, na alisimamisha kila aliyekutana naye kwenye barabara ya Kisondela amweleze. Mimi nawaheshimu wote wawili, sitagombana na yeyote.

Kilichojulikana na wote ni kwamba Ambwene alikuwa amesema. Mama Sekela alikuja mwenyewe kumwambia jumuiya imefuta jina lake. Alilisema kwa upole, amesimama mbali kidogo. Wapo waliovuka barabara wakimwona, na mama mmoja alimwita mtoto wake aliyekuwa akifundishwa naye katekisimu, akamwambia arudi nyumbani kuna kazi. Ambwene alikubali yote. Alirudi kwenye migomba ya baba yake akapalilia bila kuinua kichwa. Nafasi imekwenda, akajisemea. Andrea atapona, ataipata, atasimulia habari za ng'ombe mbele ya maaskofu.

Wiki mbili baadaye Padre Ambilikile alimwita.

Ofisini, mezani, palikuwa na bahasha ya kaki yenye muhuri wa parokia. Ambwene aliisoma anwani. Ilikuwa ya nyumba ya malezi. Chini yake, kwa mwandiko wa Padre, lilikuwa jina lake.

"Niliomba wanisubiri kidogo, wakakubali," akasema Padre. "Andrea alikuja juzi. Hatakwenda."

"Haendi?"

"Anasema hakuwahi kuwa na uhakika. Alilitamka tu siku ile, kujaribu linavyosikika, wanawake wakapiga vigelegele, akaona haya kurudi nyuma. Miezi yote hii amekuwa akiona haya." Padre alitikisa kichwa. "Yule Hasheem wa kitanda cha jirani amempa kazi. Atasafiri na lori, ndizi na parachichi mpaka Dar, kurudi na bidhaa za duka. Wanaondoka leo."

"Na jumuiya, Padre? Walinifuta."

"Nimekaa nao. Nimewaambia nimesikiliza maungamo ya watu kwa miaka kumi na tisa, na karibu kila mtu huja na dhambi yake ameikata mikono na miguu. Wewe ulileta yako nzima, wodini, mbele ya mama wa mgonjwa. Mtu wa namna hiyo naweza kumpeleka kwa askofu. Wameelewa. Hata Mama Sekela ameelewa." Akaisogeza bahasha. "Chukua. Ni yako."

Ambwene akaishika. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Ameshinda. Ameshinda bila hila, kwa ukweli wake mwenyewe, na aliyekuwa mbele yake ameondoka. Akasimama akaingojea furaha.

Honi ikapigwa barabarani. Lori lilikuwa limesimama nje ya ua wa parokia, limejaa mikungu mpaka juu, na Andrea alikuwa ametoa kichwa na mkono dirishani, amekonda, amevaa jaketi ya ngozi ya mitumba inayomtosha mara mbili. Alikuwa anacheka.

"Ambwene! Nikuletee nini Dar?"

Ambwene alipunga mkono tu. Lori likaanza kuondoka. Na hapo ndipo alipoanza kuwaza, bila kupenda: leo watalala Makambako. Watakula nyama ya kuchoma kandokando ya barabara Iringa, watapita Mikumi wataona tembo. Kesho kutwa Andrea atakuwa Kariakoo katikati ya watu elfu, na hakuna hata mmoja anayemjua. Atarudi ana hadithi. Watu watakaa kumsikiliza. Na yeye atakuwa wapi? Atakuwa kwenye nyumba ya malezi anamenya viazi kwa kengele.

Moto ukamwaka kifuani. Aliutambua. Ulikuwa ule ule wa siku ya ngazi, mahali pale pale, nguvu ile ile, ila sasa hata chembe moja haikuwa ya Mungu. Akasikia aibu iliyompanda mpaka masikioni.

Akairudisha bahasha mezani.

"Nini?" akauliza Padre.

"Padre, ukinituma sasa hivi, nitaruka ukuta niende Dar."

"Kufanya nini Dar?"

"Sijui. Andrea anakwenda."

Padre Ambilikile akaegemea kiti. Ambwene aliitazama bahasha, jina lake na muhuri, na alijua kwamba mwakani umri utakuwa umepita na mlango huu hautafunguliwa tena. Alijua, na akasema hivyo hivyo.

"Mimi sina wito, Padre. Nina Andrea."

Padre alicheka, kicheko kikubwa cha mtu mnene, hakuweza kujizuia. "Na akirudi kutoka Dar akasema sasa anataka kuwa fundi cherehani?"

"Nitamwomba baba aninunulie cherehani."

Lilimtoka haraka, hakufikiri, na lilikuwa kweli tupu. Padre akaona kijana hacheki. Akaacha kucheka. Akasukuma kiti kwa mguu mpaka upande wa kijana.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Tumwache Andrea aende salama. Mungu naye tumwache kidogo. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Ambwene akakaa. Alifungua mdomo ajibu, akageuka kutazama dirishani. Lori lilikuwa limekwisha pinda, barabara ni tupu, na hapakuwa na mtu wa kuangalizia jibu.